Baiskeli Mpya Haina cha Kuzoea

Nunua baiskeli mpya ya gia leo, Kariakoo au duka lolote la mkoani, ipande hadi nyumbani, kisha rudi ulalamike kwamba gia zinakwaruza. Jibu utakalopewa linajulikana kabla hujafungua mdomo. "Hiyo bado mpya, itazoea." Muuzaji atasema hivyo, fundi wa kona atasema hivyo, na jirani ambaye mara ya mwisho alipanda baiskeli enzi za Phoenix atasema hivyo hivyo. Jibu hutolewa kwa upole, na kwa uhakika mkubwa kiasi kwamba mnunuzi huondoka akijiona mshamba kwa kuuliza.

Mimi nalipinga. Gia zinazokwaruza kwenye baiskeli mpya, kwa sehemu kubwa, ni kazi ambayo haikumaliziwa. Baiskeli imetolewa kwenye boksi, ikafungwa magurudumu na usukani, ikafutwa vumbi, ikauzwa. Kupanga gia hakukufanyika, au kulifanyika kwa macho tu. Na ukisubiri izoee, kelele haipungui. Huongezeka, na sababu ya kuongezeka kwake inaweza kupimwa kwa milimita.

Imani ya "itazoea" haikutoka hewani. Anayenunua pikipiki mpya huambiwa asiikimbize kilomita za mwanzo, na ni ushauri wa haki: ndani ya injini, ringi za pistoni na ukuta wa silinda zinahitaji kusuguana mpaka zikae vizuri. Watu wamechukua ushauri huo mzima mzima wakaupeleka kwenye chombo kisicho na injini. Nakubali kuna vitu viwili vitatu kwenye baiskeli mpya vinavyotulia vyenyewe. Vinyweleo vya mpira kwenye tairi jipya hukatika na ule mvumo wake ukaisha. Breki za diski huhitaji kukamatwa mara nyingi kabla hazijauma sawasawa. Lakini cheni iliyokaa nusu kwenye jino lake na nusu kwenye jino la jirani haina cha kuzoea. Itakwaruza leo, itakwaruza mwezi ujao, na katikati ya miezi hiyo itakuwa inakula meno.

Tuangalie kinachobadilika katika wiki za kwanza. Gia ya nyuma huhamishwa na deraila, kile kimkono chenye vigurudumu viwili vya meno kinachoning'inia chini ya gia. Deraila huvutwa na waya, na waya hupita ndani ya ganda la plastiki na chuma. Ganda likiwa jipya, ncha zake bado hazijakaa ndani ya vikofia na vituo vyake kwenye fremu. Kila ukibadilisha gia, waya unavutwa, ganda linagandamizwa, ncha zinasogea kidogo na kukaa. Ganda likishakaa, njia imefupika na waya umelegea. Mafundi wengi husema waya umerefuka, ila waya wa chuma haurefuki kwa nguvu ndogo ya kidole gumba. Kilichosogea ni ganda.

Sasa tupige hesabu. Kwenye gia saba za nyuma zinazotumika kwenye baiskeli nyingi za bei ya kawaida, umbali kutoka katikati ya gia moja hadi katikati ya nyingine ni milimita 5. Deraila za mtindo wa kampuni ya Shimano, ambao ndio umenakiliwa kila mahali, husogea takriban milimita 1.7 kwa kila milimita 1 ya waya inayovutwa. Waya ukilegea nusu milimita tu, deraila inakosea mahali pake kwa karibu milimita 0.85. Hiyo inatosha cheni kugusa gia ya pembeni na kuanza kulia. Kwa hiyo baiskeli iliyopangwa vizuri dukani itaanza kukwaruza baada ya wiki mbili au tatu kwa sababu ya upya wake. Kuna kitu kinachozoea kweli, na kuzoea kwake ndiko kunakoleta kelele. Wanaotushauri tusubiri wameshika jambo sahihi kwa mkia.

Dawa yake ni nati moja ndogo ya plastiki, mahali ganda la waya linapoingia kwenye deraila. Inazungushwa kwa vidole, bila spana. Ning'iniza baiskeli kwa kamba kwenye tawi la mwembe, au mwombe mtu anyanyue tandiko. Weka cheni kwenye gia ndogo kabisa ya nyuma, zungusha pedali, bofya mara moja. Ikisita kupanda gia ya pili, au ikapanda huku inalia kama inataka kurudi, waya umelegea: zungusha ile nati kinyume cha mwendo wa saa, robo mzunguko, usikilize. Ikipanda na kuanza kukwaruza gia ya tatu, waya umekaza kupita kiasi: rudisha. Robo kwa robo. Utafika mahali ambapo mkwaruzo unakatika ghafla na kinachobaki ni mlio laini wa cheni ikitembea. Hapo ndipo. Panda gia zote hadi juu, shuka zote hadi chini, kwa sababu gia inayopanda vizuri na kugoma kushuka ina ugonjwa mwingine: msuguano ndani ya ganda, kwa kawaida mahali lilipokatwa vibaya au lilipopindishwa kona kali.

Dakika kumi. Muuzaji aliyesema "itazoea" alikuwa anakwepa dakika kumi.

Simlaumu kijana anayefunga baiskeli peke yake. Baiskeli huja kwenye boksi ikiwa nusu imefungwa. Kiwandani wamefunga deraila, wamepitisha waya, wamekaza hivi hivi. Gurudumu la mbele, usukani, tandiko na pedali vimelegezwa au kutolewa ili boksi liwe jembamba. Kazi ya kumalizia imeachiwa duka. Kijana huyo akiwa analipwa kwa kila boksi analofungua, hana sababu yoyote ya kukaa akisikiliza gia, na bosi wake hana sababu ya kumtaka akae, maadamu neno la kumtuliza mteja lipo tayari na ni la bure. Hapo ndipo ninapokasirika na neno hilo. Limegeuka kuwa sehemu ya biashara.

Kuna kambi ya pili, yenye maneno makali zaidi. Hawa hawasemi itazoea. Wanasema haitapona kamwe. "Mchina huyo. Ungechukua mtumba wa Japani." Ushahidi wao unasikika barabarani: baiskeli iliyotumika, iliyotoka Japani na kikapu chake mbele, inapita kimya, mpya inapita ikilia kama mashine ya kusaga. Wanahitimisha kwamba chuma cha zamani ni bora na kipya ni feki.

Ushahidi ni wa kweli, hitimisho silo. Baiskeli ya mtumba ilishafungwa na mtu, ikapandwa, ganda la waya likakaa, gia zikapangwa upya pengine mara kadhaa. Umeinunua pamoja na kazi hiyo. Tena nyingi kati ya zile za vikapu hazina deraila kabisa. Zina gia moja, au gia tatu zilizofichwa ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma, ambapo cheni haihami kutoka meno haya kwenda yale. Kuzilinganisha na baiskeli ya gia ishirini na moja kwa kelele ni kulinganisha mlango na dirisha kwa kigezo cha bawaba. Nami nimesikia mitumba ya deraila, iliyokaa kontena miezi na kuangukiwa na wenzake, ikipiga kelele kuliko baiskeli yoyote mpya.

Hilo la kontena lina somo lake hata kwa baiskeli mpya iliyo ndani ya boksi. Deraila hukaa upande wa kulia wa baiskeli, imechomoza nje. Boksi likilazwa upande huo, na juu yake yakapangwa mengine, uzito wote unashukia kwenye kipande kimoja kidogo cha chuma kinachoshika deraila kwenye fremu. Mafundi wengine hukiita hanga. Kwenye fremu za alumini hutengenezwa laini makusudi, ili kipinde chenyewe badala ya fremu kuvunjika. Kinapinda kwa urahisi kiasi kwamba baiskeli kuangukia ubavu wa kulia mara moja, ikiwa imesimama tu, inaweza kutosha. Hanga iliyopinda ndiyo inayowafanya watu waseme baiskeli imelaaniwa: unapanga gia ya pili ikatulia, ya tano inalia, unatuliza ya tano, ya pili inaruka. Nati ya waya haiwezi kuponya hilo hata uizungushe mpaka usiku.

Kulitambua ni rahisi. Simama nyuma ya baiskeli, chuchumaa, macho yawe usawa wa gia. Vile vigurudumu viwili vya deraila vinatakiwa kukaa kimoja juu ya kingine, wima, sambamba na gia. Kama cha chini kimeingia ndani kuelekea spoku, hanga imepinda. Kuna chombo maalumu cha kuinyoosha, ila mafundi wajanja wana njia yao: ekseli nyingi za gurudumu la nyuma lenye kufuli la haraka zina unene wa milimita 10 na uzi wa milimita 1, sawa kabisa na tundu la hanga. Fundi anafungua deraila, anachukua gurudumu lingine la nyuma, anaiingiza ekseli yake kwenye tundu hilo, kisha anatazama kama rimu mbili ziko sambamba. Zisipokuwa sambamba, lile gurudumu la pili ndilo linakuwa wenzo wa kunyooshea, polepole. Na kwenye baiskeli za bei nafuu, hanga mara nyingi ni kipande cha chuma kilichobanwa na nati ya ekseli. Hapo kosa linaweza kuwa ni gurudumu lililofungwa upande, na tiba ni kulegeza nati, kulisukuma gurudumu likae, kukaza tena.

Niende kwa mafundi, kwa heshima yao. Kizazi kizima cha mafundi wetu kimejifunzia kwenye Phoenix, Avon na Hero: gia moja mbele, moja nyuma. Kwenye baiskeli hizo, cheni ikilia, majibu ni machache na yote ni sahihi: vuta gurudumu nyuma cheni ikaze, tia oili, au punguza pingili. Elimu hiyo ikihamishiwa kwenye baiskeli ya deraila inaleta maafa. Cheni ya deraila inakazwa na springi ya deraila yenyewe, na urefu wake unapimwa kwa gia kubwa ya mbele ikiunganishwa na kubwa ya nyuma. Fundi akiitazama ikining'inia kwenye gia ndogo, akaona "imelegea", akatoa pingili mbili au nne, kelele inaweza hata kupungua kidogo. Mteja anafurahi. Siku akipanda mlima na kubofya gia kubwa mbele na nyuma, cheni inakuwa haitoshi. Deraila inavutwa mbele mpaka inang'oka.

Kosa la pili la mafundi ni zile skrubu mbili kwenye deraila zenye herufi H na L. Ukimpelekea fundi gia inayokwaruza katikati, mkono wake wa kwanza unashika bisibisi. Skrubu hizo ni uzio. H inazuia cheni isivuke gia ndogo kabisa na kudondokea upande wa fremu. L inazuia isivuke gia kubwa kabisa na kuingia kwenye spoku. Gia ya pili hadi ya sita hazizijui skrubu hizo. Kuzizungusha ili kutibu kelele ya gia ya nne hakutibu kitu, ila kunaondoa uzio. Na uzio wa L ukilegea, siku moja kwenye mlima, ukiwa umesimama kwenye pedali kwa uzito wako wote, cheni inapita gia kubwa, deraila inaingia kwenye spoku, na gurudumu la nyuma linasimama papo hapo. Kile kisahani cha plastiki nyuma ya gia, ambacho vijana hukivunja kwa sababu kinaharibu sura, kimewekwa kwa ajili ya siku hiyo.

Kwa nini elimu ya zamani haitoshi? Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980 deraila nyingi ziliendeshwa kwa mkono usio na hatua. Uliusogeza mpaka ukasikia kelele imeisha, basi. Mpanda baiskeli mwenyewe alikuwa fundi wa kila dakika. Sikio lake lilipanga gia akiwa njiani. Mwaka 1984 Shimano, kampuni ya Sakai huko Japani, ilileta mfumo wa kubofya kwenye seti yake ya Dura-Ace: bofyo moja, gia moja. Katika miaka iliyofuata mfumo huo ulishuka hadi kwenye baiskeli za bei ya chini kabisa. Ulimwondolea mpandaji kazi ya kutafuta mahali pa gia, lakini kazi haikutoweka. Ilihamia kwa anayepanga waya. Mkono unaobofya hauwezi kusahihisha nusu milimita. Unarudia kosa lile lile kwa uaminifu, kila bofyo. Hapa ndipo "itazoea" inapokosa hata kivuli cha mantiki.

Wapo watakaoniambia: sawa, lakini si kila kelele ni waya. Kweli kabisa, na ndiyo maana nasema kelele isikilizwe badala ya kusubiriwa. Gia ina mdundo wake, na mdundo unataja mahali. Acha kupiga pedali wakati baiskeli inatembea. Ikiendelea kulia tik-tik-tik ya haraka, hiyo ni frihwili. Ndani yake mna vikucha vinavyoruka juu ya meno, na ndivyo inavyotakiwa. Kelele ikikoma kabisa ulipoacha kupiga pedali, tafuta kwenye cheni, krenki (ile mikono inayoshika pedali) na pedali zenyewe. Hesabu. Mlio mmoja kwa kila mzunguko mmoja wa krenki unatoka kwenye krenki, pedali au meno ya mbele. Mlio mmoja kwa kila mizunguko miwili na nusu hadi mitatu ni cheni: ina pingili kama 110 na kitu, gia kubwa ya mbele mara nyingi ina meno karibu 42, gawanya utaona. Maana yake kuna pingili moja ngumu, kwa kawaida ile iliyounganishiwa, ambayo pini yake imebanwa mno. Zungusha pedali nyuma polepole huku ukitazama cheni ikipita kwenye kigurudumu cha chini. Pingili hiyo itaruka kidogo, mbele ya macho yako. Ishike kwa mikono miwili, ipinde ubavuni huku na huku mara chache. Inalegea.

Mlio wa kila mzunguko wa krenki una mkosaji mmoja ninayempenda kwa ujinga wake. Waya wa deraila ya mbele, ile inayohamisha cheni kwenye gia za mbele, unaishia kwa ncha inayobaki nje. Ncha hiyo ikikaa vibaya, mkono wa krenki unaigusa kila ukipita. Tik. Mguu ukirudi, tik. Watu wamefunguliwa krenki nzima, wamebadilishiwa gololi, wamelipa, wakarudi na tik yao. Ncha inapindwa ndani kwa kidole.

Mkosaji mwingine wa mdundo huo huo si wa kuchekewa: bolti ya krenki iliyolegea. Krenki za alumini hukaa juu ya ekseli ya pembe nne na kubanwa na bolti moja kila upande, chini ya kifuniko kidogo cha plastiki. Bolti hiyo inatakiwa kukazwa kwa nguvu hasa, kama newton-mita 35 hadi 40, na irudiwe baada ya siku chache za kupanda. Ikiwa imekazwa kwa mkono wa haraka wa dukani, krenki inaanza kucheza, inalia kiik kila unapokanyaga, na tundu lake laini la alumini linapanuliwa na ekseli ngumu ya chuma. Likishapanuka, hakuna spana itakayolirudisha. Unanunua krenki mpya. Mtu aliyeambiwa baiskeli yake itazoea, akasubiri kwa subira ya Mswahili mwema, amesubiri mpaka sehemu ambayo ingepona kwa mzunguko mmoja wa spana ikawa chuma chakavu. Ukiniuliza kwa nini nalumbana juu ya jambo dogo kama mlio wa baiskeli, ni kwa sababu ya tundu hilo.

Halafu oili. Kila kelele kwetu inatiwa oili, na oili inayokuwa karibu ni ile iliyomwagwa kutoka kwenye injini ya gari. Imebeba masizi na unga laini wa chuma, ni nzito, inanasa vumbi. Changanya na mchanga wa barabara zetu, unapata kitu cha kusagia. Tena baiskeli mpya ndiyo inayohitaji oili kidogo kuliko zote. Cheni mpya hutoka kiwandani na grisi yake, imeingia hadi ndani ya pini ambako wewe hutafika kwa kitambaa. Kuna wanaoiosha kwa petroli siku ya kwanza "kuondoa mafuta ya dukani", kisha wanaipaka oili chafu. Wamefuta kilainishi bora kitakachowahi kuwa kwenye cheni hiyo. Futa nje kwa kitambaa kikavu, basi. Ikifika siku ya kuongeza, hata oili ya cherehani ni afadhali, tone kwa kila pingili, kisha ufute inayobaki. Lakini usiitumie kunyamazisha gia iliyopangwa vibaya. Oili itaifanya ikwaruze kwa sauti ya chini kwa siku mbili, na katika siku mbili hizo muuzaji ameshinda hoja.

Kuna kelele moja ambayo nitawatetea wauzaji, ingawa wao wenyewe huwa hawajui kujitetea. Stika kwenye fremu inasema gia 21: tatu mbele, saba nyuma. Si kweli kwamba zote ni za kutumia. Cheni ikiwa kwenye gia kubwa ya mbele, ambayo iko nje, na kubwa ya nyuma, ambayo iko ndani, inapita mshazari na lazima isugue. Vivyo hivyo ndogo kwa ndogo. Hapo cheni itagusa kibanio cha deraila ya mbele au itakwaruza meno ya pembeni, na hakuna fundi atakayeiondoa kelele hiyo yote. Kwa mpanda baiskeli wa Dar es Salaam au Tanga, ambako mlima mkali ni daraja la juu, gia ya katikati mbele na zote saba nyuma zinatosha maisha. Anayerudisha baiskeli dukani kwa sababu ya kubwa kwa kubwa anastahili kuelezwa. Kuelezwa, narudia, si kuambiwa itazoea, kwa maana hiyo nayo haitazoea.

Nimeachia hoja moja ya upande wa pili kwa makusudi, kwa sababu ndiyo yenye uzito. Wanasema: baiskeli ya bei ya chini haistahili muda huo wote. Deraila yake imetengenezwa kwa bati lililokunjwa, viungo vyake vina mchezo tangu kiwandani, leo utaipanga, kesho imehama. Kwa deraila za namna hiyo, ni kweli ukimya kamili haupatikani. Shika kigurudumu cha chini ukitikise kwa kidole: kikicheza milimita tatu nne huku na huku, jua kwamba unapanga kitu kisichokaa. Lakini hapo tena hoja inawarudia. Kama deraila haipangiki, ni mbovu, na kilicho kibovu siku ya kwanza kinabadilishwa na aliyekiuza. Na kama inapangika, ipangwe kabla fedha haijabadilisha mikono. Hakuna hali ya tatu ambamo mnunuzi anapewa baiskeli inayokwaruza pamoja na ushauri wa kuwa mvumilivu.

Kwa hiyo ukienda dukani, usianze na rangi wala idadi ya gia. Mwambie muuzaji akunyanyulie nyuma, yaani anyanyue tandiko gurudumu lizunguke hewani, nawe zungusha pedali na kubofya: gia zote saba kwenda, zote saba kurudi, ukiwa gia ya katikati mbele. Tazama vigurudumu vya deraila kutoka nyuma. Shika mikono ya krenki yote miwili, isukume ndani na nje, isicheze. Bofya hadi gia kubwa kabisa na uone kama deraila inaziachia spoku nafasi. Akinuna, nenda duka la jirani, Kariakoo yamepangana. Akikubali, mwambie pia utarudi wiki ya tatu, ganda la waya likishakaa, aizungushe ile nati robo mzunguko bila malipo. Iandikwe kwenye risiti.